Radhi ya Barnaba

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, ambaye kwake zinarejea safari zote, ya aendaye kwa miguu yake na ya achukuliwaye kwa jeneza. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyehama mji alioupenda akazikwa katika mji uliompokea. Baada ya hayo, haya ni masimulizi ya mzee aliyetamani kuhama, na ya ndugu yake aliyemzuia.

Mzee huyo aliitwa Sulemani, mzaliwa wa Matungu. Alikuwa mkalimani wa mahakama ya Kakamega tangu enzi ya Waingereza hadi bendera ilipobadilishwa, kisha akastaafu kwa heshima na pensheni. Mkewe alikuwa Shamsia, mwanamke wa maneno machache yenye ncha. Walikuwa na binti mmoja, Zeituni, aliyeolewa Mumias. Sulemani alikuwa pia na ndugu mmoja tu wa baba na mama, mdogo wake, Barnaba, mzee wa kanisa. Baba yao alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya kwanza vya Wazungu, akafia Tanganyika. Baba alipochukuliwa tu, Sulemani, aliyekuwa mvulana wa kutumwa, alipelekwa chuoni Mumias kwa ami yake Mwislamu, na Barnaba aliyekuwa mdogo akabaki na mama yao, wakapokewa na wamisheni. Ndivyo walivyokuwa na vitabu viwili ndani ya kiambo kimoja, na hawakuwahi kugombania kitabu.

Tangu aliporudi kutoka hija, Sulemani alikuwa na ombi moja kwa Mola wake: akaishi Madina mpaka siku yake, azikwe katika udongo ule. Katika mwaka wa pili wa Jamhuri aliona mlango umefunguka. Ubalozi kule Nairobi ulikuwa ukitoa viza ya kukaa kwa wazee wasiokwenda kutafuta kazi wala biashara. Alipata paspoti mpya, iliyomwita raia mahali ambapo karatasi za kale zilimwita mtu wa Malkia. Alichanjwa yeye na mkewe, wakaugua mkono kwa pamoja. Mzee mmoja wa Lamu aliyekuwa mkaazi wa Madina akakubali kuwadhamini, na serikali ikathibitisha pensheni ya Sulemani. Likabaki jambo moja: ushahidi wa imamu wa kwao kwamba mwombaji haachi nyuma mtu mwenye haki shingoni mwake.

Imamu Swaleh wa msikiti wa Kakamega aliwapokea barazani kwake baada ya sala ya alasiri.

"Sheikh, sasa imebaki kalamu yako tu," alisema Sulemani.

"Kalamu ipo. Shamsia anasemaje? Anakwenda kwa hiari, au anaburutwa?"

Shamsia akajibu mwenyewe kutoka kwenye mkeka wa wanawake. "Sheikh, mimi nimeshafunga masanduku. Huyu ndiye anayetafuta miwani yake, nayo anayo usoni."

Imamu akacheka, kisha uso wake ukatulia. "Na Barnaba?"

Sulemani akaivua miwani, akaifuta. "Barnaba ni Mkristo. Jambo hili ni la dini yetu."

"Haki ya ndugu wa tumbo moja haikufutwa na ubatizo. Nimesikia kwamba hataki uende."

"Hataki."

"Basi kaniletee radhi yake, aitamke kwa kinywa chake nami nikisikia. Nikiandika kabla ya hapo nitakuwa nimeshuhudia uongo, na wewe utaingia mji wa Mtume kwa uongo huo. Utalala vipi huko?"

Sulemani akaaga. Alirudi Matungu akamkuta Barnaba amekaa uani, anapukuchua mahindi. Akaketi naye, akashika hindi, wakapukuchua pamoja. Mwishowe Sulemani akatoa neno alilokuwa amelitengeneza njiani.

"Mdogo wangu, nimefikiri. Sehemu yangu ya shamba, kutoka kisimani hadi mtoni, chukua. Mbele ya chifu, iandikwe."

Barnaba akaliweka gunzi chini. "Nani alikwambia nataka shamba?"

"Sikusema unataka. Nasema nakupa."

"Unanipa ili nisemeje?"

"Useme niende kwa heri."

"Kaka, miaka yote ulikaa mahakamani ukisikiliza watu wakinunua mashahidi. Sasa umekuja kuninunua mimi?" Akasimama, akajipangusa makapi. "Heri hiyo sina. Tafuta duka lingine."

Maneno hayo yalimchoma Sulemani, lakini hakuyaelewa. Alidhani mdogo wake ameona zawadi ni ya maneno matupu, na kwamba akiona mali inatoka kweli ataamini. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu aliyelelewa na mama yake Matungu asingelifanya. Aliyelelewa chuoni alilifanya bila kusita, kwa kuwa alisoma kwamba sadaka bora ni ile unayoitoa ungali mzima. Alifungua sanduku lake akagawa makoti yake ya mahakamani kwa majirani. Ng'ombe wake wakapelekwa kwa Zeituni. Kigoda alichorithi kwa baba yake akakituma nyumbani kwa Barnaba.

Kwa watu wa kwao, makoti ya mwanamume hugawanywa siku moja tu: siku ya kunyoa nywele za matanga, mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa.

Habari ikatembea kama habari zinavyotembea siku ya soko. Keshoye asubuhi, Sulemani akiwa kibarazani na kikombe cha chai, alisikia kilio barabarani. Senje Nekoye, shangazi yake wa mwisho aliyebaki hai, alikuwa anakuja kutoka Butere, amejifunga kanga kiunoni, ameshika tawi la majani mabichi, na nyuma yake wanawake wa huko wakilia kwa sauti moja. Aliingia langoni huku akimwita marehemu kwa majina ya babu zake wote. Alipofika katikati ya uwanja akanyamaza ghafla.

"Wewe," akasema. "Mbona umekaa kwenye matanga yako unakunywa chai?"

"Senje, asalaam aleikum. Mimi ni mzima."

"Mzima gani ambaye koti lake nimeliona sokoni Butere limevaliwa na muuza tumbaku?"

Shamsia akatoka jikoni, akatazama umati. "Karibuni. Maiti mwenyewe atawachinjia kuku."

Wanawake kadhaa wakaangua kicheko, wengine wakaendelea kulia kwa kuwa kilio kikishaanza hakizimwi upesi. Senje Nekoye akaketi chini pale pale, akajipepea kwa tawi lake. "Nimetembea tangu alfajiri na goti hili bovu. Mungu akusamehe, mtoto wa kaka yangu. Ungenitumia habari kwamba unacheza."

Wakati huo Barnaba alitokea mlangoni mwa ua, kigoda cha baba yao mkononi. Alikuwa anakuja kukirudisha. Alipowaona wanawake wamebeba majani, na uwanja umejaa kilio, na hakuna maiti, alisimama pale pale. Kigoda kikamponyoka. Watu wakakatiza kilio, wakamgeukia.

"Mara ya pili," alisema Barnaba. "Katika uwanja huu huu. Hii ni mara ya pili naona mnalia na hakuna mtu."

"Barnaba," alisema Sulemani, "ni mimi niliyekosea. Sikujua..."

"Ndiyo, hukujua. Hukuwako. Wewe ulikuwa Mumias unaimba alifu." Sauti yake haikupanda. "Ilipokuja habari kwamba baba amefia Tanganyika, walimngoja aletwe. Hakuletwa. Wazee wakakata mgomba, wakaufunga katika nguo zake, wakaulaza katika shimo pale nyuma ya ghala. Mama akaambiwa auage. Aliuaga. Mimi nikatiwa udongo mkononi nikaambiwa, mtupie baba yako. Niliona utomvu unatoka kwenye nguo. Nikasema, huyu si baba. Nikapigwa kofi."

Senje Nekoye akainamisha kichwa. "Ni kweli," akasema taratibu. "Mimi ndiye niliyempiga."

"Sasa wewe unakwenda kufia mbali, kwa hiari yako. Siku habari ikija, mkubwa wa kiambo nitakuwa mimi. Watanijia na panga la kukatia mgomba, na mimi ndiye nitakayewatia wajukuu udongo mkononi. Kaka, ulinipa shamba. Ulinipa kigoda. Hukuniuliza hata mara moja kwa nini nakataa."

Sulemani alishuka kibarazani. Alikwenda mpaka aliposimama ndugu yake, akakiokota kigoda, akabaki amekishika. Kisha akauliza, na hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa Barnaba katika jambo lile lote: "Unataka nifanye nini?"

"Sijui," alisema Barnaba. Akatafakari. "Yale maneno yanayosemwa kaburini. Yasemwe wewe ukiwa umekaa, unayasikia. Yaishe yote. Ili siku habari ikija pasiwe na deni la kulia wala la kuzika, na atakayeshika panga nimwambie, huyu tulishamuaga mwenyewe, akiona kwa macho yake."

Sulemani hakuweza kukubali peke yake jambo lisilojulikana katika dini yake. Alimwita Imamu Swaleh kutoka Kakamega. Imamu alikuja, akamsikiliza Barnaba mpaka mwisho, akafikiri sana.

"Kujipiga vifua na kurarua nguo, hapana," alisema. "Kumzika mzima, hapana. Lakini ndugu kukaa na ndugu, wakaambiana mema na mabaya, wakasameheana kabla ya safari, hilo ndilo nililoagiza tangu mwanzo. Na jicho likitoa machozi, Mtume wetu naye alilia."

Wakakutana Jumamosi, ili Jumapili ibaki ya kanisa na Ijumaa isiguswe. Sulemani aliketishwa kwenye kigoda cha baba yake katikati ya uwanja. Waliosema walikuwa wengi. Jirani mmoja alisema kwamba marehemu — akajirekebisha, mzee — aliwahi kuazima jembe lake akasahau kulirudisha, na Sulemani akakiri, na watu wakacheka. Senje Nekoye alisema kwamba alimpenda tangu tumboni mwa mama yake, na kwamba goti lake bado linauma kwa ajili yake. Zeituni akaja baada yake. Alipiga magoti mbele ya baba yake, akaushika mguu wake, akaondoka.

Barnaba akawa wa mwisho. Alivua kofia.

"Kaka yangu alikuwa mtu wa haki," alisema. "Alikuwa mkali. Mama alipougua alitembea kutoka Kakamega kwenye mvua, akambeba mgongoni mpaka dispensari. Mimi nilimfuata nyuma nimeshika kanga ya mama, na tangu siku hiyo nilimwona kuwa baba. Lakini alikuwa mkalimani. Alitafsiri maneno ya wezi, ya wauaji, ya Wazungu. Yangu alidhani anayajua." Akaigeuza kofia mikononi. "Nilikuwa na kinyongo. Nilisema moyoni, anawapenda wafu wa Waarabu kuliko walio hai wa kwao. Nisamehe kwa hilo."

"Nimekusamehe," alisema Sulemani. "Na wewe?"

Barnaba akamgeukia Imamu, ili ushahidi uwe wazi. "Sheikh, sikia. Huyu ni ndugu yangu. Sina haki shingoni mwake. Aende akafie anakotaka kufia, radhi yangu anayo." Kisha akasema kwa Sulemani peke yake, ingawa wote walisikia: "Lakini stesheni siji. Nimekuaga. Kuuona mgongo wako ukiondoka, hapana, hilo siliwezi."

Imamu Swaleh aliandika ushahidi wake pale pale, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Viza ikatoka kabla ya mvua za vuli, kwa ajili ya wawili, ya mwaka mmoja, ikitakiwa kuombwa upya kila mwaka maadamu mwenyewe yu hai. Shamsia aliposomewa hilo alisema, "Basi na tuombe isihitajike mara nyingi wala mara chache, iwe kama alivyoandika Mola."

Siku ya kuondoka, treni ilikuwa imesimama Butere inapumua moshi. Waliokuja walikuwa Zeituni na mumewe, Imamu, majirani, na Senje Nekoye aliyebebwa kwa baiskeli. Sulemani alitazama njia inayotoka Matungu mara moja, kisha hakuitazama tena. Alijua kwamba mdogo wake ni mtu wa neno lake, na saa ile yuko shambani, ameipa barabara kisogo.

Aliinua mikono yake dirishani, na waliokuwa chini wakainua yao. Akaomba:

"Ewe Mola, wewe ndiwe mwenzi wa msafiri, na wewe ndiwe mlinzi wa watu anaowaacha. Nakuachia binti yangu na walio mgongoni mwake. Nakuachia shangazi yangu, umpe nguvu za kutembea na mwisho mwema. Nakuachia mji wa Kakamega uliponilisha, na Matungu uliponiumba, uwanyeshee mvua kwa kipimo chake, na mahindi yao yasiliwe na viwavi. Nakuachia Barnaba. Umwongoze kwa nuru yako, umpe afya, umpe usingizi, na uwaweke wajukuu karibu naye wamsikilize anaposema. Wote waliobaki uwabariki katika kubaki kwao, kama ninavyotaraji unibariki katika kwenda kwangu. Amina."

Nasi tuyasomayo haya tuseme amina, kwa ajili ya kila aliyebaki nyumbani akilinda kiambo.