Benchi la Shibiri Tano

Hamidi wa Chang'ombe ya Dodoma alikuwa fundi saa kwa ajili ya riziki na fundi wa treni kwa mapenzi yake, na kati ya kazi hizo mbili, ile isiyomlipa ndiyo iliyomsahaulisha kula. Katika chumba cha uani alikuwa na injini nne na mabehewa kumi na moja ya mizigo, yote ameyakata kwenye mikebe ya maziwa ya unga na madebe ya mafuta ya kupikia. Kila kitu kilikuwa kidogo mara ishirini kuliko chenyewe, na kipimo hicho hakukichezea hata siku moja. Alilalisha bati kifudifudi juu ya kipande cha ngozi, akalidonoa kwa sindano ya cherehani, akalidonoa tena, mpaka upande wa mbele zikajitokeza ribiti, vichwa vya misumari ya bati, ndogo kama mbegu za mchicha. Kutu aliipika kwa siki na unga wa chuma uliodondoka kwenye tupa. Vumbi la kupaka ubavuni mwa mabehewa alilichekecha kwa mtandio wa zamani wa mkewe, Yusra, nalo lilikuwa vumbi jekundu la Dodoma lenyewe. Yusra alisema watu wote wa mji huu wanapangusa vumbi, mumewe peke yake ndiye analipaka, tena kwa gundi.

Akiinama juu ya meza ile, Hamidi hakusikia la mwadhini wala la mnadi swala. Mashavu yakiwa karibu na reli, macho yakiwa usawa wa magurudumu, chumba kilirefuka. Meza ilikwenda mpaka Manyoni. Aliona nyika na miti yake iliyokauka, na injini ikivuta taratibu kana kwamba haikutumwa na mtu.

Kitu kimoja tu kilikosekana. Treni ile haikuwa na behewa la gadi, lile la mwisho kabisa, ambamo mlinzi wa treni hukaa na taa zake na gurudumu la breki. Baba yake, marehemu Swalihu, alikuwa gadi wa treni za mizigo kwa miaka ishirini na sita, na Hamidi aliliogopa behewa hilo. Mabehewa mengine akikosea, kosa ni la bati. Hili akilikosea atakuwa amemkosea mtu. Kwa hiyo kila mwaka alisema mwakani.

Mama yake, Bi Stara, ndiye aliyeufuta mwakani huo. Kisukari kilikuwa kimekwisha kumchukulia macho, na sasa ganzi ilikuwa inapanda. Ilianza vidole vya miguu, ikafika magotini, na tangu mfungo mosi ilikuwa imebisha hodi mikononi. Kliniki walimwambia ukweli bila kuuzungusha: kidole kinachokufa ganzi hakirudi. Bintiye Munira, anayekaa mtaa wa Kikuyu, alitaka wampakie kwenye treni mpya ya umeme, akaburudike mpaka Morogoro na kurudi. Bi Stara alikataa kwa upole. Alisema treni ile ameisikia sifa zake, ni ya haraka na ina ubaridi, lakini haina mkia, na yeye safari yake aliipanda mkiani.

Siku hiyo hiyo, baada ya alasiri, alimwita Hamidi kitandani.

"Nijengee behewa la baba'ko," alisema. "Niingie mara moja, vidole vyangu vikiwa bado vinaona."

Hamidi aliogopa, na aliona fahari, vyote viwili kwa pamoja. Kesho yake akafunga kibanda cha saa.

Upande wa nje wa behewa haukumsumbua. Nyuma ya stesheni, kwenye reli ya pembeni iliyoota majani, lilikuwapo behewa la gadi la aina ile ile, mifupa mitupu. Mlinzi alimruhusu, naye akalipima kwa futi ya chuma kuanzia bafa hadi bafa, vile vyuma vya kugongania. Ndani ndiko kulikokuwa na kazi, kwa sababu ndani mlikwisha kung'olewa kila kitu. Lakini Hamidi alikuwa na hazina yake. Alipokuwa na miaka saba, baba yake alimchukua safari nzima ya likizo, na ili mtoto asimsumbue alimpa kazi ya kulipima behewa lote kwa shibiri. Mtoto akapima, akafanya wimbo: benchi tano, meza tatu, sanduku nne, dirisha mbili na vidole viwili. Miaka hamsini wimbo huo ulimlaza usingizi. Wengine huhesabu rakaa walizokosa, yeye alihesabu behewa.

Basi akatanua kiganja juu ya rula, kidole gumba huku na kidole cha mwisho kule, akapata sentimita ishirini na mbili. Akaipigia hesabu yake, akakata, akalehemu. Gurudumu la breki alilitengeneza kwa gia ya saa ya ukutani. Samani zilipojaa ndani mpaka zikabanana, alijiambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa kidogo isipokuwa watu. Wiki ya nne akaweka paa, lile la kufunuka, akalibeba behewa kwa mikono miwili mpaka kitandani kwa mama yake.

Bi Stara alijipangusa vidole kwenye kanga kwanza, kama anayekwenda kushika msahafu. Akagusa ngazi. Akagusa mlango, akatabasamu. Akaingiza mkono ndani, akaikuta breki, akaizungusha, ikazunguka, naye akacheka kwa sauti. Yusra, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo, akacheka naye. Kisha vidole viwili vya Bi Stara, cha shahada na cha kati, vikapanda kwenye benchi na kukaa. Vikakaa muda. Vikasogeleana, vikaachana. Tabasamu likaondoka pole pole.

"Mwanangu," alisema, "hapa katikati amekaa nani?"

Hamidi hakumwelewa, na Bi Stara akamweleza, macho yake yasiyoona yakiwa darini. Alikuwa ameolewa siku tatu tu. Mumewe alitakiwa kazini, na mke hakutaka kuachwa Manyoni ukweni, basi akapitishwa mlango wa nyuma wa behewa kwa siri, kinyume cha sheria zote za reli. Waliteremka mlima wa Saranda jua likichomoza, breki zikilia chini yao. Kintinku, wakasimama kungoja maji ya injini. Bahi, vijaruba vya mpunga vilikuwa vimejaa maji na mawingu yamo ndani yake, na treni ikawa kama inapita juu ya mawingu. Kigwe. Zuzu. Njia yote hiyo alikaa na mumewe kwenye benchi moja dogo, bega kwa bega, nyonga kwa nyonga. Walikuwa wageni wawili walioozwa kwa barua, na benchi lile liliwanyima nafasi ya kuoneana haya. Alisema kwamba ndoa yake haikufungwa na shehe, shehe alisoma tu. Iliyomfungia ndoa ni ile mbao. Na benchi hili la Hamidi lina nafasi ya mtu wa tatu, tena mnene.

Hamidi alijitetea. Alisema kwa heshima kwamba hilo benchi alilipima mwenyewe, shibiri tano kamili, hazikupungua hazikuzidi.

"Kwa mkono upi?" aliuliza Bi Stara.

Hamidi alikitazama kiganja chake, kiganja cha mzee mwenye wajukuu, chenye makovu ya lehemu. Fundi mzima, mtu anayesikia saa ikichelewa dakika mbili kwa wiki, alikuwa amempora mtoto wa miaka saba vipimo vyake na kuvipima kwa mkono wa babu. Yusra alirudi jikoni na mihogo yake ili akacheke huko, lakini walimsikia.

Ule mkono wa mtoto ulikuwa wapi sasa? Picha haikuwapo. Nguo zake za utotoni zilikwisha kuwa matambara kabla hajabaleghe. Hamidi aliona shibiri yake imepotea kabisa, na pamoja nayo benchi, meza, sanduku na dirisha.

Bi Stara akakunjua kiganja chake cha kulia. Alisema kwamba mwaka ule wa ile safari ya likizo, kila Ijumaa alimkata Hamidi kucha, na kabla ya kumkata alimtanua vidole juu ya mkono wake mwenyewe, maana mtoto alikuwa mkaidi na alikunja ngumi. Gumba lake lilianzia hapa, kwenye kifundo cha mkono. Kidole chake cha mwisho kilifika hapa, kwenye pingili ya juu ya kidole cha kati. Hakusitasita. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na saizi yake pia. Hamidi alitia alama mbili kwa kalamu kwenye kiganja cha mama yake, akaweka rula. Sentimita kumi na nne.

Akang'oa kila kitu akaanza upya. Haraka haraka haina baraka, lakini ganzi haijui methali. Kila asubuhi alipokwenda kumwamkia, mama yake aliitikia marahaba na kumwambia ni kidole kipi kimelala. Kidole cha mwisho. Cha pete. Gumba la kushoto. Hamidi alifanya kazi akiwa na pumzi fupi. Mchana alipopitiwa na usingizi mezani alijikuta ndani ya behewa, yu mdogo, miguu haifiki chini, na mgongo wa baba yake ukiwa mbele yake kwenye dirisha. Hakuuona uso. Nje nchi tambarare ilikwenda na kwenda, mtama, mawe makubwa yaliyopandana, mbuzi, na hakuna kilichokuwa na haraka isipokuwa yeye. Alizinduka na alama ya kobilo, chuma chake cha kulehemu, shavuni, akaendelea.

Siku ya kumi na tisa alimaliza. Akalichukua behewa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akafunua paa, akauongoza mkono wa mama yake mpaka kwenye benchi, vidole viwili, pale pale.

Bi Stara alingoja. Hamidi naye alingoja.

"Haya, niwekee basi," alisema Bi Stara.

Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya benchi. Vilikuwa vimebanana vizuri, bega kwa bega, na havikujua. Hamidi alifungua kinywa amwambie, kikatoka kilio. Alilia kama ambavyo hakulia siku ya kumzika baba yake, akijizuia mabega yasitikise kitanda, lakini kitanda kilitikisika. Bi Stara akaelewa. Akamwambia alilete behewa usoni.

Akaligusa kwa midomo. Taratibu sana midomo ile ikapita kwenye kizingiti, ikapita kwenye meza, ikazunguka gurudumu la breki, ikakuta dirisha na kutoa pumzi nje yake. Ilipofika kwenye benchi ikatua. Ikachukua nusu ya benchi tu, upande wa mlango.

Akasema, midomo ikiwa pale pale, kwamba Hamidi aweke kidole alipokaa baba yake. Hamidi akakiingiza kidole chake cha shahada upande wa dirisha, kikapita kwa shida, kikabanwa kati ya ukuta wa bati na mdomo wa mama yake. Ulikuwa wa moto na mkavu. Alihisi kila pumzi. Nje Yusra alikuwa akiwaita kuku, kisha akaacha, na hakukuwa na sauti nyingine.

"Sogea kidogo, Swalihu," alisema Bi Stara.

Jina hilo Hamidi hakuwahi kulisikia kinywani mwa mama yake. Maisha yote alimwita Baba Hamidi, mbele ya watu na faraghani. Alijaribu kukisogeza kidole, akakisukuma kuelekea dirishani, kikagoma.

"Hakuna nafasi," alimwambia.

Mdomo ulicheka ukigusa kidole chake.

"Najua," alisema. "Twende."