Mnyororo Uliovaa Mpira

"Hivi, Mama Ndeonasia, farasi mzima mzima anazuiwaje na mnyororo mmoja?" jirani yangu Nengai aliwahi kuniuliza. Jana mchana, nimeketi juu ya majani makavu kwenye banda la farasi ninalofagia, jibu nikaliota.

Nililala na moyo mzito. Kibwe, farasi wetu mfupi, ana kikohozi cha vumbi. Daktari alisema apate hewa, basi mlango tukauacha wazi, tukaukinga kwa mnyororo. Asubuhi kaupita kwa chini, kala kabichi za tajiri mwenye banda. Msimamizi, Bwana Elirehema, akaapa: "Saa tisa nafunga mlango juu na chini. Akohoe humo humo."

Basi naota. Mnyororo unageuka kunitazama. Umevaa mpira wa maji mwili mzima, nadhifu kama mama wa kwaya.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina. Mbona Kibwe amekupita?"

"Mimi sizuii mtu, naomba tu. Farasi akinigusa kwa kifua, anakumbuka adabu. Akishtuka akanisukuma, ndoano yangu inaachia: naanguka mimi, anapona yeye. Uulize mlango kama unaweza hilo."

Mlango unatazama pembeni.

Nikauheshimu mnyororo. Chuma kinachokubali kuanguka ili mwingine apone, sijakiona kingi.

Hapo banda ni kanisa. Farasi wamekaa kwenye mabenchi, madume kulia. Mzee wa kanisa anapita na kamba ya kupimia. "Usawa wa kifua!" anatangaza, na kila mmoja anasimama apimwe, hata mimi, hata mimbari. Kibwe anapimwa mwisho. Kifua chake kinaishia karibu na goti la jirani yake.

"Mmeona?" unasema mnyororo. "Mlinifunga kwa kifua cha mkubwa, mkamlaumu mfupi. Niitieni mdogo wangu."

Mdogo wake anaingia akitambaa, anaomba radhi kwa kuchelewa. Ukuta unatoa pete mbili, kama mtu anayetoa masikio kwenye kilemba. Namfunga chini. Kibwe anainama, anamgusa, anafikiri, anarudi nyuma.

Kanisa zima: "Amina!"

Nikaamka. Bwana Elirehema amesimama na kufuli mkononi. Mbele yake minyororo miwili, mmoja juu, mmoja chini, na katikati pua ya Kibwe inavuta hewa taratibu.

"Huu wa pili umeutoa wapi?"

"Si ndio ule wa stoo, Bwana Elirehema."

"Ufunguo wa stoo ninao mimi."

"Ndivyo."

Akapapasa shingoni. Ufunguo ulikuwepo. Akainama, akaijaribu ndoano ya chini kwa kidole. Ikaachia vizuri, akairudisha. Akaniangalia, akaliangalia kufuli, akalitia mfukoni, akatoka.