Kabati la Dawa la Muchangi

Kosa lilikuwa la Cicily, na lilianzia kwenye jina. Mwanawe wa kwanza alipozaliwa pale Kibugu, alipewa jina la babu yake kama desturi ya Waembu inavyotaka. Tangu hapo boma likawa na akina Muchangi wawili: mmoja hajaota hata jino, mwingine amebakiwa na machache na shamba la majani chai.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemshauri Cicily aweke nyumbani vitu vichache vya mtoto, mahali pa juu penye kufuli: kipimajoto, dawa ya maji ya homa aliyoandikiwa, kibomba cha kupimia dozi, pakiti za chumvi na sukari za kuzuia maji yasimwishe mtoto akiharisha. Mumewe Njoka akapigilia kabati ukutani. Naye Cicily, kwa furaha ya mama mpya, akaandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo: "Tunajaza kabati la dawa la Muchangi. Mwenye chochote alete Jumapili."

Ukoo mzima ukadhani ni la mzee, ukamshukuru Mungu. Kila mtu alijua kuwa mzee Muchangi ni mgonjwa, isipokuwa mzee Muchangi. Aliwahi kuanguka katikati ya majani chai, akasema ni fuko aliyechimba shimo. Alipoanguka tena jikoni, juu ya sakafu ya saruji, akasema ni fuko yule yule.

Wanawe walimsihi aende akapimwe, akawafukuza. Cicily hata kumsihi hakuweza, maana mkaza mwana hamsemeshi baba mkwe habari za mwili wake. Alibaki na woga wake. Baba yake mzazi alianza kwa kuanguka hivyo hivyo, na sasa amelala nyuma ya migomba yao. Kumzika baba wa pili hakuwa tayari.

Jumapili wakafika. Veronicah, binti wa mzee, alileta miwani na dawa ya kuchua magoti. Shangazi Marcella, dada wa mzee, alitoka Embu mjini na mashine ya kupimia presha. Mumewe Veronicah, Gitobu, Mmeru wa vitendo, alishuka na mfuko mzima wa nepi za watu wazima.

Mzee alikuwa barazani, amempakata mjukuu. Akauliza vitu vile ni vya nani. Gitobu, kwa kuogopa, akamwonyeshea mtoto kidole, akasema ni vya Muchangi.

Mzee akakunjua nepi moja. Ilimmeza mjukuu mpaka kidevuni.

"Ni kubwa," akasema.

"Atakua," akasema Gitobu.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya waongo wengi wakisaidiana ina kona zake. Veronicah akaeleza kwamba dawa ya magoti ni ya wakati mtoto atakapoanza kutambaa. Mzee mwenyewe akamvisha mjukuu miwani, akamuuliza kama sasa anauona mlima ule wa mbali vizuri. Alifurahia mchezo ule kupita wote, na ndicho kilichomuudhi Cicily. Akaichukua dawa ya kuchua akaifungia sandukuni, mbali na kabati la mtoto, huku akijiambia kwamba nyumba nzima imerukwa na akili.

Ndipo Marcella akatoa mashine yake. Kwa kuwa uongo ulishaanza, hakuwa na budi kumfunga mtoto kile kitambaa cha mkononi. Kilimzunguka tumbo, kikaporomoka. Cicily akauona mwanya. Akapiga magoti, akamkazia macho mtoto peke yake.

"Muchangi," akasema, "mkono wako bado mdogo. Muombe mwenye jina lako akuazime wake."

Mtoto akapiga mwayo. Mzee akaupandisha polepole mkono mmoja wa koti. Njoka akakifunga kile kitambaa upesi kabla mzee hajabadili nia. Mashine ikanguruma, ikatulia. Marcella alipoziona namba, akaketi.

"Inasemaje?" akauliza mzee.

Cicily akasoma mwenyewe: juu ni mia mbili na kitu.

"Hiyo ni mbaya kwa mtoto?"

"Ni mbaya, Muchangi," Cicily akamwambia mtoto. "Ni ya kwenda hospitali leo, si kesho. Ukiendelea hivi utaanguka na hutaamka, na mimi sitaweza kuzika tena."

Machozi yakamdondokea mtoto usoni, naye akaanza kulia. Mzee akambembeleza kwa ule mkono uliofungwa kitambaa, akimpigapiga mgongoni. Alipozungumza, mzaha ulikuwa umemtoka. Alisema kwamba huyu Muchangi anaogopa hospitali. Rafiki yake Ayub aliingia huko akitembea, akarudishwa ndani ya sanduku. Tangu lile anguko la kwanza anaogopa hata kulala.

Mtoto alikuwa amenyamaza, anachezea kifungo cha koti la babu yake.

Mzee akamwinua, akamkabidhi Njoka. Akamwambia Gitobu awashe gari. Kisha akamgeukia Cicily na kumtazama usoni.

"Mama Muchangi," akasema, "huyu mtoto abaki nyumbani. Yeye si mgonjwa."