Mbuzi Hewani

Ukitaka kumuudhi Mwalimu Mageni, mtajie neno mila. Atakuambia kwamba amefundisha Siasa miaka kumi na mbili, na Siasa ilipofutwa akafundisha Uraia, na kwamba mila zilizobaki kichwani mwake hazijazi kijiko cha chai. Mama huyu alikuwa mkuu wa sekondari ya Nyamakwenge, upande wa Masumbwe, shule iliyojengwa kwa matofali aliyoyaomba mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mwaka huo wa 1994 ndiyo kwanza ilikuwa na kidato cha nne: watahiniwa thelathini na wanane. Wa kuweza kurudia mtihani akifeli hakuwepo hata mmoja, maana wazazi walikwisha kuuza ng'ombe wa kuuza, na waliobaki walikuwa wa mahari.

Taabu ya mwaka huo haikuwa wanafunzi. Ilikuwa simu ya upepo, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa nzima.

Zamani vituo vya mitihani vilikuwa na mitambo chakavu iliyokoroma kama mzee mwenye pumu. Ukiuliza kama bahasha zimefika, unajibiwa kitu kinachofanana na "ndizi". Watu walikisia, mambo yakaenda. Kisha yakazuka maneno ya wizi wa mitihani, likaja agizo, na nyuma ya agizo likaja lori lenye mitambo mipya: mlingoti, betri mbili, sola ya juu ya paa. Kila asubuhi, kabla bahasha haijakatwa, mpiga redio wa wilayani aliyeapishwa atasoma namba ya siri, na mkuu wa shule aliyeapishwa ataipokea kwa masikio yake na kuirudia kwa mdomo wake. Si makamu wake, si karani. Saa tatu ikigonga namba haijarudiwa, bahasha zinarudi zilikotoka na somo linahesabiwa halikufanywa.

Msimamizi aliyeletwa Nyamakwenge kulinda agizo hilo aliitwa Gregory, mwalimu mwembamba kutoka Mhunze, mwenye saa mbili: moja ya mkononi, na nyingine ya mfukoni kwa ajili ya kuichunga ile ya mkononi. Alikuwa na daftari kubwa la kumbukumbu za mtambo. Tayari lilikuwa na doa. Tangu Jumamosi mtambo ulikuwa ukiita, Mageni akiitika "Kituo namba tano, nakusikia," upande wa pili unanyamaza, kisha unakata. Gregory aliandika "hitilafu" mara kumi na moja, kwa mwandiko wa kuumia.

Jumatatu ilikuwa Hisabati. Saa mbili kamili Mageni alikuwa mbele ya mtambo, Gregory pembeni yake, bahasha katikati yao mezani.

"Kituo namba tano, kituo namba tano, hapa wilayani. Namba yako ni..."

Sauti ikakatika yenyewe. Haikukoroma, haikuyumba. Ilikuwa safi kiasi kwamba Mageni alihisi mtu amekaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na kabati. Na mtu huyo alimjua. Alikuwa Maganga, karani wa mifugo, aliyemwoa binti yake Vumilia mwaka uliopita. Mpiga redio wa siku zote alikuwa ameshikwa na tumbo tangu Ijumaa, na badala yake ameapishwa Maganga.

Sasa, kwa kina Mageni, mkwe na mama mkwe hawasemezani. Wakionana njiani, mkwe anaingia porini upande huu, mama anaingia porini upande ule, na njia inabaki tupu kwa heshima. Hali inakuwa hivyo mpaka mkwe atoe mbuzi wa kufungulia mdomo. Maganga alisema angemtoa baada ya mavuno, na mvua nayo ikasema ingenyesha. Vumilia alikuwa amelazwa wodi ya wazazi tangu Alhamisi. Habari hiyo Mageni aliipata kwa dereva wa lori, na hajalala vizuri tangu hapo, kwa sababu mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo asiyeweza kumuuliza.

Mageni alijikuta amevuta kitambaa cha meza na kujifunika kichwa. Kidau cha wino kilianguka.

"Mwalimu, unafanya nini?" Gregory aliuliza.

"Sijui," alisema Mageni, na ulikuwa ukweli mtupu.

Dakika zikapita. Mtambo ulikuwa mzuri mno. Wakwe wale wawili walisikiana hata wakinyamaza.

"Mjibu," alisema Gregory.

"Mjibu wewe."

"Kifungu cha nne. Mdomo wa mkuu wa shule." Akatazama saa ya mkononi, kisha ya mfukoni. Zote zilisema saa mbili na robo.

Hapo ndipo ikaingia sauti ya tatu. "Mwangaluka, mayu. Ni Hozefa hapa, wa Bulyanhulu. Mnisamehe kuingilia, ova."

Hozefa aliwauzia wachimbaji wadogo pampu za kuvuta maji mashimoni, na mtambo wake wa dukani ulinasa kila kilichopita angani kuanzia Kahama hadi Geita. Kisukuma alikijua kuliko makarani wengi wa wilaya, makarani hao aliwajua kwa sauti, hata na wakwe zao, na kila mama kwake alikuwa mayu.

"Hapa dukani tupo watu kumi na wawili tunasikiliza," aliendelea. "Vijana wametoka duarani, hawataki kurudi kuchimba mpaka wajue mwisho wake. Ni mtu na mama mkwe wake, siyo? Basi mimi nitakaa katikati. Maganga, nieleze mimi hiyo namba, nami nitamweleza mama."

"Haiwezekani!" Gregory alinyakua kipaza sauti. "Namba ni siri! Hawezi kupewa muuza pampu na wachimbaji kumi na wawili!"

"Sasa hivi wamekuwa kumi na tano," alisema Hozefa kwa upole.

Ilikuwa saa mbili na nusu. Mageni alichungulia dirishani. Ng'ambo ya uwanja, ukumbini, watoto wake walikuwa wamekaa mistari minne, kila mmoja na penseli iliyochongwa mpaka ikatisha. Mbele kabisa alikaa Mbuke, binti wa mchunga ng'ombe, ambaye kwa miaka minne alitembea kilomita kumi na moja kila asubuhi. Alikuwa ameshika rula wima tangu saa moja na nusu, na hakuwa amegeuza shingo. Mageni aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Alirudi, akachukua kipaza sauti, akafungua mdomo.

"Aa," alisema.

Hakikutoka kingine. Uraia wote ulimkimbia. Alijikasirikia kama ambavyo hajawahi kumkasirikia mwanafunzi yeyote, na yeye kwa hasira anajulikana.

"Hozefa," alisema hatimaye, kitambaa kikiwa bado kichwani. "Mwambie mkwe wangu atoe mbuzi."

"Lini, mayu?"

"Sasa hivi. Hapo hapo alipo."

"Maganga," alisema Hozefa, ingawa Maganga alikuwa amesikia kila herufi, "mama anasema utoe mbuzi sasa hivi."

Kiti kiliburuzwa. Maganga aliuacha mtambo wazi, na vituo vyote saba vya wilaya vilisikia mlango ukifunguliwa, kisha barabara. Ilikuwa siku ya mnada.

"Nipe huyo!" Sauti ya Maganga ilitoka mbali. "Chukua baiskeli!"

"Ina taa?" aliuliza mwenye mbuzi.

"Ina taa!"

"Na kengele?"

Kengele ililia. Wachimbaji wa Bulyanhulu walishangilia. Kwato zikagonga sakafu ya saruji, vitu vikaanguka, na hewani, kwa usafi ambao fundi aliyefunga mitambo ile angejivunia, mbuzi akalia: "Meee!"

"Mbuzi ndiye huyo, mayu," alisema Hozefa. "Umemsikia?"

"Mbuzi ni wa nani?" Gregory aliuliza. Halikuwa swali la kanuni, lakini naye ana wakwe. "Akiwa wa kuazima, mdomo haufunguki."

"Baiskeli imekwisha ondoka," alijibu Hozefa. "Tumeisikia sote."

Mbuzi wa mdomo hupokelewa kwa kushikwa sikio. Mageni alitazama mtambo, hakuona sikio. Akaweka kiganja juu ya matundu ya spika, mahali ambapo mlio ulikuwa bado unatetema.

"Mwambie nimempokea," alisema, akavua kitambaa.

Saa mbili na dakika hamsini na sita.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya Maganga.

"Marahaba, mwanangu. Lete namba."

"Saba. Nne. Nne—"

"Meee!"

"—tisa. Sita."

"Rudia bila mbuzi!" Gregory alifoka.

Maganga akarudia. Mageni akaipokea na kuirudia, tarakimu moja moja, kwa sauti ambayo Mbuke aliisikia ukumbini akageuza shingo. Namba ililingana na ya kwenye bahasha. Gregory alitimua mbio kuvuka uwanja, mkasi mkononi.

Mageni alibaki peke yake na mtambo. Alinyoosha mkono kuuzima.

"Mama," alisema Maganga. "Usikate."

"Naam, baba."

"Vumilia alijifungua Jumamosi. Mtoto wa kike. Wote wazima. Tangu Jumamosi nakupigia, ukiitika nashindwa, nakata."

Mageni alikaa chini sakafuni, kwenye wino, akalia kwa furaha bila kujificha. Vituo vingine havikusubiri kuitwa. Namba moja akasema hongera mama, namba mbili akasema hongera bibi, wakaenda hivyo hivyo kwa zamu, na Bulyanhulu wakapiga vigelegele vya kiume ambavyo havikupendeza.

Gregory aliporudi alimkuta hivyo. Kanuni ilisema wazi kwamba mtambo ni wa mambo ya mtihani tu. Alitazama saa zake zote mbili, akasikiliza mpaka kituo cha saba kilipomaliza. Kisha akaketi na kufungua daftari, lakini hakufungua ukurasa wa siku ile. Alirudi nyuma mpaka Jumamosi, akakata neno "hitilafu" kwa rula, moja baada ya jingine, yote kumi na moja. Juu ya kila moja, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika: "mjukuu".

Akapuliza wino ukauke, akamwuliza Mageni mtoto amepewa jina gani.