Wimbo wa Zamu

Anastase, kapita (msimamizi wa wafanyakazi) wa kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Runingu, alikuwa amechoshwa na watu wenye elimu ya kuwafanyisha wenzao kazi. Akimwona mgeni na daftari, alimpa mgongo.

Kabla ya wageni hao palikuwa na utaratibu mmoja tu. Kwenye mdomo wa mashine vumbi la pamba huziba pumzi, na meno ya chuma hayamjui mtu. Kwa hiyo mtu alisimama hapo urefu wa wimbo mmoja, ukiisha anatoka na mwenzake anaingia. Wafanyakazi walikuja na utaratibu huo kutoka mashambani, walikozoea kulima kwa zamu, na hata enzi za fimbo hakuna aliyewazuia.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru akaja Mzungu mwenye saa. Alisimama nyuma yao siku nne akipima, akaona kila badiliko linapoteza sekunde kumi na moja. Akapiga marufuku wimbo na zamu yake. Evariste, aliyeachwa mdomoni kutwa nzima, aliacha vidole vitatu mle ndani, na yule bwana akaandika dakika zilizopotea kusafisha mashine. Kwa Anastase huo ulikuwa uchafu mtupu.

Uhuru ukamleta mkurugenzi Jean-Berchmans, mwenye kucheka na kila mtu. Alikuwa amesoma kwamba mfanyakazi mwenye furaha huzalisha zaidi, basi akarudisha wimbo, kwa kipaza sauti. Zamu hakurudisha. Waliimba kila mmoja amegandishwa mahali pake, naye akipita kuwapapasa mabega. Anastase aliuchukia mkono ule laini kuliko fimbo.

Waasi walipoingia, mwaka wa sitini na nne, mkurugenzi akatoroka na nafasi yake ikashikwa na komisa wao, ofisa wa siasa. Siku ya kwanza ya komisa, mdomoni alikuwa Libérate, mdogo wake Anastase, aliyekohoa tangu asubuhi mpaka kitambaa kikalowa damu.

“Yaya, minye niko nachoka,” alimwambia kaka yake.

Anastase akamwendea komisa. “Shefu, tunaomba zamu ya zamani. Wimbo moja, muntu moja.”

“Mapinduzi haina zamu, kamaradi. Muntu akielewa mapinduzi, hachoke.”

Komisa akawahutubia wafanyakazi, kisha akawaimbisha wimbo wa mapinduzi, wenye beti zisizokwisha. Katikati yake Anastase akauona mkono wa Libérate ukiteleza kuelekea kwenye meno. Akamvuta nyuma, akasimama yeye mahali pake.

Komisa akanyamazisha wimbo, uso umemchanua.

“Muko munaona? Hotuba imemuingia. Kapita mwenyewe amejitolea, huyu ndiye mufano.” Akafungua daftari. “Namuandika asimame kwa mashine hii kila siku, mupaka pamba itaisha. Mumupigie makofi.”

Wakapiga. Evariste naye akapiga, kwa mkono wake wa vidole viwili. Anastase akatema pamba, akainama kazini.