Mkeka Usiokung'utwa

Usijifanye hukuona. Ulikuwa umesimama palepale mwambani, maji yamekufika magotini, siku Tangimama alipopita na mkeka wake begani bila kuukung'uta. Uliona, ukainua uso kutazama membe angani, kana kwamba hujapata kuona membe maishani mwako.

Kisiwa cha Motu Reka hakina mtu wala kisima. Kina miti ya mikadi, mchanga, kaa wakubwa wa kupasua nazi, na tavake, wale ndege weupe wenye manyoya mawili mekundu mkiani, wanaotaga chini kabisa vichakani kwa sababu hawajui panya ni kitu gani. Ndiyo maana kila anayeshuka humwaga kapu lake na kukung'uta mkeka wake mwambani, mbele ya mlinzi. Hata mchungaji hukung'uta.

Mlinzi wa mwaka huu alikuwa Ngarima, mdogo wake Tangimama. Miaka kumi na tisa Tangimama alifagia nyumba ya mikutano akingoja kuitwa yeye, na wazee wakamwita mdogo mtu. Eti ana mkono mwepesi. Mlinzi peke yake ndiye huchomoa nyoya moja jekundu kwa ajili ya kilemba cha ngoma, ndege akiwa ameatamia, bila kumwondoa juu ya yai. Tangimama aliwahi kujaribu; kovu la kudonolewa analo kidoleni hadi leo.

"Kung'uta mkeka, dada," Ngarima alisema taratibu.

"Nikukung'utie wewe? Mimi niliyekufuta makamasi?"

Mlicheka. Teokotai mwenye mashua akapaza sauti, "Mpishe mkubwa wako, we bibi mlinzi, asije akakuchapa!"

Ngarima akainamisha macho, akampisha.

Mchana Tangimama alimnyemelea mdogo wake kichakani. Akamwona akipiga goti, mkono ukaingia chini ya ndege kama wa mama anayemfunika mtoto, nyoya likatoka, ndege ametulia tuli. Kwa nini yeye? Akarudi ulipokuwa mkeka wake, akauvuta kwa hasira. Panya akachomoka mkunjoni, tumbo limemjaa mimba, akapotelea mikadini.

Angeweza kupiga kelele. Alinyamaza. Tena alitabasamu. "Tuone sasa huo ulinzi wako," akajisemea.

Wiki sita baadaye mlirudi wote kutafuta manyoya ya sherehe. Yai la kwanza lilikuwa limetobolewa, mavi ya panya yametapakaa kando yake. Kwenye kiota cha pili kinda alikuwa ametafunwa mgongo, angali anapumua, na mama yake amekaa kando yake, hajui amkimbie nani. Ngarima alikuwa chini mchangani.

"Kosa langu, dada. Nilikuona, nikakuonea haya. Wazee watanivua ulinzi, watakupa wewe. Tafadhali, uwatunze."

Basi jambo lile alilolitamani miaka kumi na tisa likawa limewekwa mikononi mwake. Kilichotakiwa ni kunyamaza tena tu. Tangimama akamtazama yule kinda. Kisha akatembea hadi mwambani, mlipokuwa mmekusanyika.

"Panya alitoka mkekani mwangu. Nilimwona kwa macho yangu. Nilinyamaza kwa wivu."

"Ah, mama, ni kaa tu hao," alisema Teokotai, akitazama mashua yake.

"Kaa ananya mavi ya panya, mwehu wewe?"

Mkaanza kupakia makapu. Mmoja alisema maji yanakupwa. Mwingine kwamba nyumbani chakula kinapoa.

Ngarima akamfuata dada yake na mitego ya panya ya mlinzi. Hakumkumbatia. Alimsukumia mitego kwa mguu. "Anza upande ule wa mikadi."

Wako kule wawili tu hadi leo, wanatega na kutegua, na panya wanazaa kuwashinda. Mashua imefungwa gatini na wewe umekaa unasoma. Inuka. Chukua mtego, mwamshe Teokotai, pandeni. Na ukifika mwambani, mkung'utie Ngarima mkeka wako, mbele ya macho yake. Usiseme kesho. Maji yamejaa sasa hivi.