Ya Mwisho ni ya Ndama

Lori la maziwa kutoka Thika lilipoanza kufika Ruiru mwaka wa 1957, Nyawira na Wangeci walikuwa wametembea pamoja miaka minane. Kila asubuhi walimimina maziwa yao kwenye debe moja, na mmoja akalibeba mgongoni kwa mkanda wa kichwani hadi hoteli ya Omar karibu na stesheni. Leo huyu, kesho yule. Hakuna aliyewahi kuuliza ya nani yalikuwa mengi. Angeulizaje? Ng'ombe wa Wangeci alizaliwa katika zizi la Nyawira. Alitolewa bure, akiwa ndama, mwaka ule Wangeci alipofiwa na mume.

Lori lilibadilisha mambo. Maziwa yalichukuliwa saa moja asubuhi, yakapoozwa Thika kwenye matangi ya chuma, na kufikia saa nane yalikuwa Nairobi ndani ya chupa, bado mabichi. Hata Omar alianza kununua ya chupa. "Dada, bwana afya amesema ya debe ni marufuku," alimwambia Nyawira huku akipangusa meza iliyokuwa safi tayari.

Kwa hiyo mtu akitaka kuuza maziwa alihitaji namba pale kituoni. Lori lilibeba mikebe arobaini, basi namba zikawa arobaini, na waliobaki wakaandikwa kwenye orodha ya kungoja. Nyawira alikuwa namba kumi na saba.

Kituoni karani Gachanja alichota maziwa kidogo ya kila mkebe, akayatia kwenye kichupa chembamba pamoja na dawa kali, akafunga vichupa kwenye mashine na kuizungusha kwa mkono mpaka mafuta yakajitenga juu. Mafuta yasipofika alama, umeshindwa. Ukishindwa mara tatu, namba yako anapewa mwingine.

Nyawira alikuwa ameshindwa mara mbili. Watu walianza kunong'ona kwamba anaengua malai, mafuta ya juu, kabla ya kuja. Alimuuliza Wangeci anamlisha nini ng'ombe wake.

"Majani yale yale unayokata wewe," Wangeci alimjibu. "Labda wako amezeeka."

Asubuhi ya kipimo cha tatu, Ndunge, Mkamba aliyeolewa pale Ruiru na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alimkaribisha kwenye foleni. "Mama Gathoni, leo umemwombea huyo ng'ombe? Ama nimpigie ngoma za kwetu?"

Wanawake walicheka, na Nyawira akacheka nao. Kisha mashine ikasimama. Gachanja akainua kichupa kwenye mwanga.

"Kumi na saba. Chini."

"Sielewi," Nyawira alisema. "Sijatia maji. Sijaengua. Ninakamua, ndama anamalizia, basi."

Ndunge aliacha kucheka. "Ndama anamalizia nini?"

"Ya mwisho. Si ni yake?"

Hivyo ndivyo alivyokamua mama yake, na nyanya yake. Ndama ananyonya kidogo ili maziwa yashuke, mtu anakamua, kisha ndama anarudishiwa chuchu. Aliyekamua mpaka tone la mwisho aliitwa mchoyo, na watoto wake walichekwa kisimani.

"Lakini mafuta yako huko mwisho," Ndunge alisema polepole. "Afisa wa mifugo alituonyesha. Alimkamua ng'ombe wa mzee Zacharia, ya kwanza gilasi moja, ya mwisho gilasi nyingine. Ya mwisho ilikuwa ya manjano kama siagi. Akasema ndama afungwe mbali, anyweshwe kwa ndoo. Kwani hukuambiwa?"

"Lini?"

"Jumatano ile ya mwezi jana. Wangeci alisema atakueleza mwenyewe. Nyinyi ni chungu na kifuniko, nani angejiingiza katikati?"

Jumatano ile Nyawira alikuwa hospitalini Thika, ameshikwa mkono na mke wa Kagwe, mwana wa Wangeci; mke huyo alikaa na uchungu wa kuzaa siku mbili. Wangeci ndiye aliyemwomba aende. Alisema yeye mwenyewe akiona damu hupoteza nguvu.

Nyawira aliinua macho. Wangeci alikuwa mbele, mkebe wake umeshapita.

"Mama Kagwe. Ulisahau?"

"Nilisahau."

"Mwezi mzima? Na kila asubuhi tunapanda kilima pamoja?"

Wangeci alikaza leso yake kiunoni. "Kagwe ana mtoto mchanga sasa. Ng'ombe wake amezaa. Yeye ndiye anayefuata kwenye orodha, na orodha haisogei, Nyawira, mtu anangoja mpaka azeeke. Ningefanya nini?"

"Ungeniomba. Ndama nilikupa."

"Namba usingenipa."

Ni kweli, Nyawira asingempa. Alimgeukia karani. "Nipime tena kesho. Sasa nimejua."

"Tatu ni tatu, mama," Gachanja alisema, naye alikuwa ameshakata jina kwa kalamu.

Hapo Kagwe akatokea nyuma ya kibanda na mkebe mpya, unang'aa. "Habari ya asubuhi, tata," alimwambia Nyawira, akimwita shangazi kwa mazoea tu, kisha akatazama viatu vyake. Mkebe ulikuwa mzito. Aliubeba kwa mikono miwili. Hakuna mtu anayeleta mkebe uliojaa kituoni bila namba. Kagwe alikuwa amekamua alfajiri ile akijua jinsi kichupa cha Nyawira kitakavyosoma.

Nyawira alimtazama Wangeci.

"Uliponituma Thika, ulijua afisa anakuja?"

Mbuvi, dereva, alipiga honi. Watu walianza kupakia.

"Nilijua tangu Jumatatu," Wangeci alisema.

Nyawira aliinama akafunga kifuniko cha mkebe wake, akapitisha mkanda, akauweka kwenye paji la uso. Maziwa yalikuwa mengi, na mkebe haukuinuka.

"Ndunge," alisema, "nitwike."

Ndunge alimtwika, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.